Siku Tano Ambazo Mvua Haikunyesha

Zuberi alikuwa amekaa mahabusu siku tatu, na kwa siku zote tatu aliuliza swali moja tu. Hakuulizia wakili, wala hakuulizia atatoka lini. Kila asubuhi Inspekta Micheline Lotika alipofungua mlango wa kile chumba, kijana aliinua kichwa na kuuliza kama mvua imenyesha.

Micheline alikuwa na miaka kumi na tisa katika upelelezi wa Kisangani. Alishasikia wafungwa wakiulizia wake zao, mbuzi wao, hata matokeo ya mpira, lakini wa kuulizia mvua ndiye huyu wa kwanza. Alhamisi ile alimjibu kama alivyomjibu Jumanne na Jumatano: haijanyesha, tangu Jumatatu jioni ni jua tupu. Zuberi akashusha pumzi, akaegemea ukuta.

“Bon, Mama Inspecteur. Niandike tu mimi. Iko mimi nilifanya. Iishe.”

“Ulifanya namna gani?”

Akatazama vidole vya miguu yake.

Mtu anayekiri kosa lakini hawezi kueleza alilifanyaje ana mtu anayemficha. Tena Zuberi hakujua kudanganya hata kidogo, na Micheline alimpenda kwa hilo tangu siku ya kwanza, ingawa mpelelezi hatakiwi kumpenda mtuhumiwa. Aliurudisha mlango taratibu. Saa kumi jioni kijana angefikishwa mbele ya mwendesha mashtaka, na kutoka pale ni jela moja kwa moja. Kuhujumu mitambo ya mawasiliano si mchezo. Watu huingia huko na nywele nyeusi wakatoka na mvi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka mingi, kampuni iliyotaka mnara wa simu ilinunua kila kitu kwa mtengenezaji mmoja, kuanzia redio ya juu mpaka skrubu ya mwisho, na aliyekuuzia ndiye peke yake aliyeweza kukutengenezea. Siku hizi soko limegeuka. Redio unaichukua huku, programu unaichukua kule, na ubongo wa mnara si sanduku la siri tena, ni kompyuta ya kawaida. Mafundi wanaiita minara ya wazi. Gharama imeshuka, na vijiji ambavyo hakuna aliyekuwa akivifikiria vimeanza kufikiriwa. Mwaka jana kampuni iliyomwajiri Zuberi kama fundi ilikuwa na minara mitatu ya aina hiyo katika jimbo zima la Tshopo. Mwaka huu barua zilitoka Isangi, Banalia na Ubundu, zote zikiomba, na maombi yakafika arobaini.

Mnara wa Wagenia, kando ya maporomoko, ndio uliokuwa wa kwanza, na kila mwenye nia ya kuagiza aliutazama huo. Ndio pia ulioanza kuzimika.

Saa moja na nusu asubuhi Micheline alikuwa ofisini kwa Ingénieur Jephté, mkuu wa kampuni pale mjini, mtu mnyoofu aliyekonda katika zile wiki saba za balaa. Jephté alimsimulia tena, kwa subira. Mnara ulipozimika mara ya kwanza, mwenye redio alisema kosa ni la programu. Mwenye programu akasema ni la kompyuta. Mwenye kompyuta akamrudishia yule wa redio, na kila mmoja alileta barua ndefu ya kujitetea. Hiyo ndiyo shida ya nyumba yenye wapangaji wengi. Mwishowe Jephté alikaa mwenyewe, akasoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari, akakuta kinachopotea ni majira ya saa.

Mnara wa namna hii haufanyi kazi bila kujua wakati kwa usahihi kabisa, na wakati huo unaupata kwenye setilaiti, kupitia antena ndogo nyeupe yenye umbo la uyoga. Ule uyoga usipoiona mbingu, mashine hujikongoja kwa akiba ya saa yake ya ndani. Akiba inadumu masaa manne, kisha mnara unajizima. Katika wiki saba uyoga ulipoteza mbingu mara kumi na nne, karibu kila mara ikiwa saa nne asubuhi. Mara nane uliipata tena mapema. Mara sita haukuipata, na mtandao wa Wagenia ukafa saa nane mchana.

“Mu Wagenia yote, nani anajua kazi ya ile kitu?” Jephté aliuliza. “Iko Zuberi peke yake. Na walimukamata mukono iko juu yake.”

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Jumatatu, mtandao ulipokufa, askari walitumwa mbio Wagenia, wakamkuta Zuberi ameushika uyoga. Na tangu afungwe, mnara haukuzimika hata mara moja. Jephté alisema hayo bila furaha, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kijana. Akampa Micheline orodha ya zile tarehe kumi na nne, akageukia dirisha.

Mtu wa pili katika daftari la Micheline alikuwa Aristide, mwenye miaka hamsini na miwili, fundi wa minara ya zamani. Kila mnara wa wazi uliosimama ulimpunguzia kazi, na mashahidi wawili walimwona akizungukazunguka kibanda cha mashine cha Wagenia, asubuhi mbili kati ya zile kumi na nne. Micheline alipanda toleka mpaka kwake Kabondo, amekaa nyuma ya baiskeli na mkoba mapajani, akiwa na hakika kwamba amempata mtu wake.

Aristide alikana kwa dakika tano. Kisha mabega yake yakashuka, akaingia chumbani, akatoa chini ya godoro daftari la shule lenye jalada la buluu. Alikuwa anasoma. Zuberi, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa kumzaa, alikuwa akija hapa kumfundisha minara ya wazi, dirisha limefungwa, ili majirani wasimwone mtu mzima amerudi darasani. Wagenia alikwenda kumchukua mwalimu wake tu.

“Donc Mama, usiambie watu,” alisema Aristide. “Minara yangu inaisha. Lakini ile mipya iko mingi, itatafuta mikono. Ule mutoto aliniambia, papa Aristide, haujachelewa. Hakuna mutu mwingine aliniambia vile.”

Micheline alilifungua daftari. Aristide alikuwa ameandika tarehe na saa juu ya kila somo, kwa mwandiko wa mwanafunzi mwema. Tarehe tatu za masomo zilikuwa pia katika orodha ya Jephté. Asubuhi hizo tatu, uyoga ulipopoteza mbingu kule Wagenia, Zuberi alikuwa hapa Kabondo akichora setilaiti kwenye karatasi ya mistari.

Basi si yeye. Lakini mwendesha mashtaka angesema rafiki anamwokoa rafiki, kwa hiyo ilibidi apatikane aliyefanya. Micheline aliomba kukaa kidogo kwenye benchi la barazani. Mkobani alikuwa na karatasi nyingine, aliyoiomba jana katika kituo cha hali ya hewa kwa sababu tu ya lile swali la Zuberi. Aliziweka karatasi mbili magotini, akaanza kulinganisha kwa ncha ya kalamu.

Kati ya siku kumi na nne, mvua ilinyesha siku tisa. Siku tano haikunyesha hata tone. Alikaribia kukunja karatasi zake, kisha akasoma safu ya mawingu. Kwa siku zote tano, karani wa kituo alikuwa ameandika maneno yaleyale: wingu zito asubuhi.

Mashine haiogopi wingu. Kama maji yangekuwa yanapenya kwenye waya, uyoga ungekufa siku za mvua tu. Anayeogopa wingu ni mtu.

Akaangalia Jumapili. Jumapili mbili mvua kubwa ilinyesha asubuhi, na uyoga haukupoteza mbingu hata dakika moja. Jumapili asubuhi Wagenia karibu yote iko kanisani. Zuberi, mtoto wa familia ya Kiislamu, ndiye aliyeachiwa zamu ya siku hiyo, peke yake na funguo zote. Kama angetaka kuharibu, hakuna siku ingemfaa zaidi.

“Papa Aristide,” alisema, “mtu wa hapa akiona wingu linakuja, anafanya nini?”

“Anafunika vitu,” alijibu Aristide, akishangaa mtu mzima kuuliza jambo kama hilo.

Micheline akaitoa hati ya ukamataji. Alishaisoma mara nne. Vitu vilivyokutwa mahali pa tukio: bisibisi moja, tochi moja, funguo za kibanda, na sufuria kubwa ya aluminiamu mezani, haihusiani. Neno la mwisho ndilo lililomfunga macho. Wote walikuwa wakimtafuta mtu anayejua kazi ya ule uyoga. Kumbe wa kutafutwa alikuwa mtu asiyejua.

Alipotoka barazani aliangalia juu. Siku tatu za jua zilikuwa zimekwisha. Upande wa mto wingu lilikuwa linapanda.

Alifika Wagenia saa nne kasoro dakika chache. Wavuvi walikuwa juu ya miti waliyoisimika katikati ya maji, wakikagua vile vikapu vikubwa vya kutegea samaki, na mngurumo wa maporomoko ulifanya watu wa ukingo wa mto wazungumze kwa kupaza sauti kidogo. Kibanda cha mashine kilisimama nyuma ya nyumba za kwanza. Ule uyoga ulipaswa kukaa juu mnarani, lakini siku ya kuufunga, waya ulikuwa mfupi, wakaubandika kwenye pembe ya paa la kibanda, mahali ambapo mtu angeweza kuufikia kwa kunyoosha mkono. Meza ya kuanikia samaki ya jirani iligusana na kibanda.

Jirani huyo alikuwa mjane, wote walimwita Mama Claire. Jumatatu ile alimlilia Zuberi mbele ya Micheline mpaka kitambaa kikalowa. Kijana alikula kwake kila siku ya kazi. Tena mama huyu alikuwa na binti Kinshasa, Claire mwenyewe, aliyempigia simu saa nane kila siku wakati wa mapumziko ya kazi, na huo mtandao mbaya ulichagua kufa saa hiyohiyo. Katika Wagenia nzima hakuna aliyeuhitaji mnara ule kumzidi.

Micheline alisimama karibu na mama mmoja muuza ndizi, akampigia Jephté, akamwomba aitazame mashine yake na asikate simu.

Wingu likafika juu ya mto. Mama Claire akatoka ndani. Alikusanya samaki wake, akawafunika na mkeka. Akavuka kwa jirani wa kushoto, ambaye alikuwa majini, akaanua nguo zake zote na kuzikunja. Akaenda kwa wa nyuma, akaingiza muhogo uliokuwa umeanikwa. Mwishoni kabisa alirudi jikoni, akatoka na sufuria kubwa, akaifuta kwa ncha ya kikwembe alichojifunga, akaipindua juu ya ule uyoga mweupe, akaweka na jiwe juu yake. Kisha akaipapasa ile sufuria, kama mtu anavyompapasa mtoto aliyelala.

“Mama Inspecteur,” sauti ya Jephté ilisema sikioni. “Majira imepotea. Sasa hivi. Nani anaigusa?”

Micheline alimwambia asubiri, akakata simu. Alivuka ua taratibu, akamsalimu mama, akamwuliza kwa nini anakifunika kitu kile.

“Wenye kwenda mu mai wako mu mai,” alijibu Mama Claire, akishangaa naye. “Sisi wenye kubaki tunafunika. Kitu ya jirani ikilowa nawe uko nyumba, iko haya. Na hii ya Zuberi waliiacha inje tu, haina hata mwenye kuiangalia. Nilisema, ikioza, watamufukuza kazi mutoto yangu.”

“Unaifunika kila wingu likija?”

“Kila siku. Isipokuwa siku ya Mungu, niko kwenye misa. Wingu ikipita, ninaitoa.”

Micheline angeweza kuandika ripoti yake na kuondoka kimya, lakini mama huyu angesikia sokoni, kwa midomo ya watu, na hilo lingekuwa baya zaidi. Alimketisha kwenye kigoda, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Akamweleza polepole uyoga unatazama nini, sufuria inaziba nini, na akiba inaisha baada ya masaa manne. Mama Claire alisikiliza. Kisha akahesabu kwa vidole, kutoka saa nne.

“Saa nane,” alisema. “Claire.”

Akaigeukia sufuria yake.

“Na Zuberi? Anajua?”

Micheline alimwambia na hilo. Jumatatu kijana alifika, akaikuta sufuria, akaitoa na kuiweka mezani, na kabla hajaenda kumwita mama askari wakamkuta mkono juu ya uyoga. Tangu hapo hakumtaja mama hata mara moja. Kila asubuhi aliulizia mvua, kwa sababu aliogopa wingu litakuja, mama atafunika tena, na safari hii ataonekana. Alitaka waandike jina lake, iishe.

Mama Claire alijifunika uso kwa kikwembe, akalia bila sauti. Micheline alimwacha alie, na yeye mwenyewe macho hayakuwa makavu. Mama alipomaliza alinyanyuka, akaondoa lile jiwe, akaiondoa sufuria. Ndipo mvua ikaanza.

Watu wa Wagenia walikimbilia ndani. Mama Claire hakukimbia. Alisimama karibu na uyoga, mikono haijui iende wapi, akiutazama unavyopigwa na maji. Mara mbili alinyanyua kikwembe ili aufunike, mara mbili akakishusha. Micheline alisimama naye, wote wawili wakilowa, jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa polisi. Baada ya dakika chache Jephté alipiga: majira imerudi, uyoga unaona mbingu, na mvua haikuupunguzia chochote.

Mvua ilipokatika, mama aliwasha moto, akaibandika sufuria jikoni. Micheline alimwambia kwa upole kwamba ile sasa ni kielelezo, ni lazima aibebe mpaka ofisini.

“Utaibeba,” alisema Mama Claire. “Lakini haitaenda mutupu.”

Jephté alikuja mwenyewe, viatu vimejaa matope. Alimtazama mama, akatazama uyoga, akakaa kwenye meza ya samaki, akacheka kicheko cha mtu ambaye hajalala wiki saba. Watengenezaji watatu walikuwa wamelaumiana kwa barua juu ya sufuria. Shemeji wa Mama Claire, aliyerudi kutoka majini, hakuona cha kuchekesha. Kitu kisilowe, kiangalie juu: hiyo ni kazi ya dakika ishirini. Alisuka kikapu kidogo cha kamba za msituni, mtindo uleule wa mitego yao, wakaufunika uyoga nacho. Mashine aliyokuja nayo Jephté haikushtuka. Redio ya nchi moja, programu ya nchi nyingine, kompyuta ya nchi ya tatu, na kofia ya Wagenia. Kweli mnara ulikuwa wazi kwa kila mtu. Jephté aliuliza, nusu kwa utani, kama wanaweza kusuka arobaini. Yule mvuvi alimwuliza anazitaka lini.

Saa nane kamili simu ya Mama Claire ililia. Aliipokea kwa mkono wenye unga, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulifunguka. Ilikuwa sauti aliyoikosa mara sita kwa mikono yake mwenyewe.

“Claire,” alisema, “niko napikia kaka yako. Nitakuita.” Akakata, akageuza samaki.

Saa kumi kasoro robo Jephté alikuwa ameshaandika barua ya kuondoa malalamiko, na mwendesha mashtaka, baada ya kuisoma mara mbili na kuuliza kama ni mzaha, akatia saini. Micheline alimtoa Zuberi mwenyewe. Kijana alipoingia ofisini aliona sufuria mezani kabla ya kuona mtu yeyote.

“Mama Inspecteur, ile sufuria haina kazi yoyote mu hii affaire, nakuapia…”

“Nyamaza,” alisema Mama Claire kutoka kwenye kiti cha pembeni. “Kaa, ukule.”

Zuberi alimtazama mama, akamtazama Micheline, akaelewa kwamba yote yanajulikana. Kisha akauliza swali lake, lilelile la siku tatu, ila sasa alimwuliza mwenye kulijibu.

“Mama, mvua ilinyesha?”

“Ilinyesha, mutoto yangu. Ilinyesha mingi. Niliacha ile kitu yako ilowe.”

Kijana akapiga magoti pale pale, akaweka kichwa mapajani mwake, na mama akampapasa kisogo.

Micheline alikuwa na hati mbele yake, na kalamu tayari. Kielelezo namba moja: sufuria kubwa ya aluminiamu. Sheria inataka kielelezo kiandikwe jinsi kilivyo, na kilivyokuwa saa ile ni wali nusu, samaki wanne na pilipili. Alifunika kalamu. Mama Claire alisukuma sufuria katikati ya meza, akampa Micheline kijiko, naye akasogeza kiti chake.